Kanda zilizokaa kabatini: Sam Cooke, Otis, Aretha, Marvin au demo za Stax?

Binti wa dada yangu alinipigia simu jioni moja, na baada ya shikamoo akaenda moja kwa moja kwenye shida yake: "Mjomba, baba anatimiza miaka sabini na tatu. Soul yote ya zamani anayo, ya kwenye santuri na ya kwenye simu. Sasa naona zinatoka rekodi za waimbaji wale wale ambazo hazijawahi kusikika. Nimchukulie ipi?"

Nikamwomba anipe siku mbili. Maneno "haijawahi kutoka" yanabandikwa juu ya vitu vinne vitano visivyofanana hata kidogo, na baba yake si mtu wa kupelekewa makapi. Huyu shemeji yangu alikuwa kijana wa Kariakoo Novemba 1969, mkuu wa Mkoa wa Pwani alipopiga marufuku muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi, Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Yeye na wenzake waliendelea kuupiga, milango imefungwa, sauti imeshushwa, mmoja wao amekaa barazani kuangalia nani anapita. Mtu aliyemjua Otis Redding kwa namna hiyo, ukimletea kitu cha kubabaisha atakijua kabla wimbo wa kwanza haujafika kwenye kiitikio.

Siku mbili zikawa wiki, maana nilirudia kuzisikiliza zote. Niliyomweleza binti ndiyo haya, na nayaandika kwa sababu kila zinapotoka kanda mpya za zamani naulizwa swali lile lile.

Uliza kwanza kwa nini ilifichwa

Watu huchagua kwa jina la msanii. Mimi naanza na sababu iliyoifanya kanda ikae kabatini, kwa kuwa sababu hiyo inakuambia mapema utasikia nini.

Kuna kanda zilizofichwa kwa sababu kampuni iliogopa: mwimbaji alikuwa mkali kupita sura waliyotaka kumuuzia nayo. Hizo mara nyingi ni dhahabu. Kuna zilizoachwa kwa sababu msanii mwenyewe alibadili mawazo katikati ya kazi. Hizo huwa na vipande vizuri sana, ila usitegemee albamu iliyokamilika. Kuna ambazo hazikukusudiwa masikio ya watu kabisa, kama demo, ambapo mtunzi anaimba wimbo ili mwimbaji mwingine ausikie na kuujifunza. Na kuna mabaki halisi, nyimbo zilizozidi nafasi kwenye albamu, ambazo ubora wake ni bahati nasibu.

Shauku ya mashabiki nayo ina sababu. Februari 1978 ghala la kampuni ya Atlantic huko Long Branch, New Jersey, liliungua, na maelfu ya kanda zikateketea, nyingi kati yake zikiwa na nyimbo ambazo hazikuwa zimetolewa. Juni 2008 moto mwingine ukala ghala la Universal huko Hollywood. Kwa hiyo kila kanda inayopatikana leo imeponea chupuchupu, na mpenzi wa soul anaposikia kuna kanda mpya imefunguliwa hulala kwa shida usiku ule.

Jukwaani: Sam Cooke au Otis Redding?

Nianze na hizi mbili kwa sababu ndizo rahisi kulinganisha. Zote zilirekodiwa ukumbini, mbele ya watu, na waimbaji wote wawili walifariki wakiwa vijana: Cooke Desemba 1964 akiwa na miaka 33, Redding Desemba 1967 akiwa na miaka 26, ndege yake ilipotumbukia ziwani Wisconsin.

Ya Sam Cooke inaitwa *Live at the Harlem Square Club, 1963*. Ilirekodiwa usiku wa tarehe 12 Januari 1963 katika klabu ya watu weusi, mtaa wa Overtown, Miami. Kampuni yake, RCA, ilikuwa ikimuuza kama kijana mtanashati wa sauti laini anayeweza kuimba sebuleni kwa wazungu bila kumshtua mtu. Walipousikia usiku ule wakaona ni moto mno, wakaufungia. Mwaka uliofuata wakatoa *Sam Cooke at the Copa*, iliyorekodiwa kwenye klabu ya matajiri New York, ambako anaimba kwa adabu zote. Kanda za Miami zilikuja kuonekana tena mikononi mwa Gregg Geller, aliyekuwa akifanya kazi RCA, na zikatoka 1985. Miaka 22 ilikuwa imepita.

Ukitaka kuelewa kwa nini mashabiki wanazungumzia rekodi hii kama watu waliofunuliwa siri, isikilize siku moja na ile ya Copa. Mtu ni yule yule, lakini kazi ni kama ya mtu mwingine kabisa. Copa anatembea. Miami anapiga kelele, sauti inakwaruza, saksafoni ya King Curtis inamjibu, na ukumbi mzima unamjibu.

Kuna sehemu moja ningependa uisubiri. Kabla ya kuingia kwenye "Bring It On Home to Me", Cooke haanzi wimbo. Anaanza kuzungumza. Anasimulia ugomvi na mpenzi wake, nusu anasema nusu anaimba, bendi inazunguka polepole nyuma yake. Anadokeza kidogo wimbo uliompa jina, "You Send Me", watu wanapiga mayowe wakidhani ndio huo, naye anauacha. Anawavuta tena. Wanawake wanamjibu kila mstari. Aliyewahi kukaa kwenye taarabu akaona mwimbaji anavyousitisha ubeti mmoja huku watu wakipanga foleni kwenda kumtunza, huyo hahitaji kuelezwa kinachoendelea pale. Wimbo wenyewe unapoanza, ukumbi unauimba kabla yake. Huyu ni mtu aliyelelewa kanisani, aliyeimba miaka na kundi la injili la Soul Stirrers, na usiku ule alilichukua kanisa lote akaliingiza klabu.

Ni dakika zisizofika 40. Hakuna wimbo wa kuruka.

Ya Otis Redding ni kinyume chake kwa ukubwa. *Live at the Whisky a Go Go: The Complete Recordings* ilitoka 2016 ikiwa na CD 6, maonyesho saba ya siku tatu, tarehe 8 hadi 10 Aprili 1966, kwenye klabu ya Sunset Strip, Los Angeles. Sehemu ya nyimbo hizi ilitoka mapema, albamu ya kwanza 1968, kwa hiyo jipya hapa ni kupata siku zote tatu kwa mpangilio wake, maneno ya katikati ya nyimbo yakiwemo.

Nampenda Otis kuliko Cooke. Nalisema hilo wazi ili ujue kwamba ninachosema sasa kinaniuma: kama huna rekodi yoyote ya Otis, usianze na hii. Nyimbo ni zile zile zinarudi. "Satisfaction" utaisikia tena na tena mpaka uanze kutofautisha siku kwa pumzi zake. Aliyepo nyuma yake ni bendi yake ya safarini, wala si wale mabingwa wa studio ya Stax, na tarumbeta kuna mahali zinapishana tuni. Kwa shabiki aliyekomaa hilo ndilo tamu. Unamsikia kijana wa miaka 24, Ijumaa anapima maji, Jumapili anaogelea. Unasikia anavyokosea, anavyorekebisha, anavyowaongoza wapigaji kwa mguu. Mwalimu wa muziki anaweza kufundisha muhula mzima kwa CD hizi 6. Mtu anayetaka tu kufurahi jioni moja atachoka kwenye CD ya pili.

Kati ya hizi mbili basi, sijivungi: Cooke kwa karibu kila mtu, Otis kwa yule anayemjua Otis kwa moyo.

Chumbani: demo za Stax au demo za Aretha?

Hapa ndipo nilipotumia siku nyingi zaidi, na hapa ndipo naona mashabiki wengi wanapita bila kusimama, kwa sababu neno "demo" linawatisha. Wanadhani ni kazi mbovu. Ni kazi ambayo haijavaa.

Juni 2023 kampuni ya Craft Recordings ilitoa *Written in Their Soul: The Stax Songwriter Demos*. CD 7, nyimbo 146, na kati ya hizo 140 zilikuwa hazijawahi kutoka. Stax ni ile studio ya Memphis iliyokuwa kwenye jengo la sinema la zamani, East McLemore Avenue namba 926, na ndiyo iliyomtoa Otis, Sam na Dave, Isaac Hayes, Johnnie Taylor. Ilifungwa na mahakama Desemba 1975 kwa madeni, jengo likabomolewa 1989. Demo za watunzi zilikuwa mali ya kitengo cha hakimiliki za nyimbo, kwa hiyo kitengo kilipouzwa, kanda zikauzwa nacho, zikahamahama zikiwa zimechanganyika na nyingine nyingi bila maelezo. Prodyuza Cheryl Pawelski alizikuta huko, akakaa nazo takriban miaka 17 akisikiliza, akitambua sauti ya nani ni ya nani, akipigania ruhusa. Mwenzake mkubwa kwenye kazi hii alikuwa Deanie Parker, mama aliyefanya kazi Stax tangu ujana wake, ambaye mwenyewe ni mtunzi na sauti yake imo. Mwaka 2024 kazi hiyo ilipata tuzo mbili za Grammy, ya albamu ya kihistoria na ya maandishi ya kijitabu.

Unasikia nini? Chukua "Respect Yourself". Dunia inaijua kwa Staple Singers, 1971, mzee Pops anaanza, Mavis anamalizia, besi inatembea kwa mikogo. Kwenye demo anaimba Mack Rice, aliyeutunga na Luther Ingram. Hakuna mapambo. Ni mdundo na mtu mmoja anayejua anachotaka kusema, na unaanza kusikia kwamba ule mkogo wote tuliodhani ni wa studio ulikuwa tayari ndani ya maneno, katika namna anavyoyakata. Mwenye nyumba amekuonyesha msingi kabla ya kupaka rangi, na msingi umenyooka.

Au msikilize Bettye Crutcher. Huyu alikuwa muuguzi kabla ya kuajiriwa Stax kama mtunzi, mwanamke katikati ya wanaume, na ni mmoja wa watunzi wa "Who's Making Love", wimbo uliompandisha Johnnie Taylor 1968. Jina lake lilikuwa likionekana kwa herufi ndogo chini ya jina la wimbo kwenye santuri. Kwenye kanda hizi anaimba mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayemweleza jirani jambo lililompata, na ukimaliza unajiuliza kwa nini hakuna aliyemwambia asimame mbele ya maiki abaki hapo. Alifariki Oktoba 2022, miezi michache kabla kanda hizi hazijatoka. Homer Banks, mtunzi mwenzake, alikwisha kufa 2003, Mack Rice 2016. Waliosubiri zaidi ndio ambao hawakusikia.

Udhaifu wake upo, nisiufiche. Sauti haifanani kutoka wimbo hadi wimbo. Mwingine una gitaa moja na mtu anapiga mguu sakafuni, mwingine una bendi kamili, mwingine una uvumi wa kanda iliyochoka. CD 7 kwa mpigo mmoja ni nyingi. Ushauri wangu ni usizifuate kwa mpangilio. Za mwanzo zina demo za nyimbo zilizokuja kurekodiwa Stax, kwa hiyo unaweza kulinganisha na unazozijua. Za mwisho zina nyimbo ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzirekodi. Mimi nilianza na hizo za mwisho, usiku, taa zimezimwa, na sikujutia. Kusikia wimbo wa 1968 kwa mara ya kwanza ukiwa huna mahali pa kuulinganisha ni raha ambayo sikutegemea kuipata tena katika umri wangu.

Ya Aretha Franklin ni *Rare & Unreleased Recordings from the Golden Reign of the Queen of Soul*, iliyotoka 2007: CD 2, nyimbo 35, zilizochaguliwa na Jerry Wexler, prodyuza wake wa Atlantic, pamoja na mwandishi David Ritz. Hii ni mchanganyiko, kuna demo, kuna mabaki ya albamu mbalimbali, na kwa haki yote, baadhi ya mabaki yalistahili kubaki. Lakini nyimbo tatu za kwanza peke yake zinatosha kulipia gharama.

Ni demo alizozifanya mwishoni mwa 1966, akiwa ametoka kuiacha kampuni ya Columbia iliyomlea miaka sita bila kujua imfanye nini. "I Never Loved a Man", "Dr. Feelgood" na "Sweet Bitter Love". Aretha yuko kwenye piano. Januari 1967 ndipo alipokwenda Muscle Shoals, Alabama, akarekodi siku moja tu kabla ya ugomvi kuvunja kazi, mengine yakamaliziwa New York. Hadithi tuliyoizoea ni kwamba wapigaji wa Alabama na Wexler ndio waliompata Aretha wa kweli. Sasa weka demo ya "Dr. Feelgood" na usikilize mkono wake wa kushoto. Ule uzito wa kanisa, ule uvivu wa makusudi unaomfanya asubiri nusu ya pumzi kabla ya neno la mwisho, vyote vipo tayari, hata kabla ya Alabama. Alikuja navyo kutoka nyumbani. Nimemsikiliza Aretha zaidi ya miaka thelathini, na ni kanda hii iliyonifanya nielewe kwamba Atlantic walichofanya cha maana ni kumwacha akae kwenye piano yake.

Kulinganisha hizi mbili: ya Stax ni ya watu wengi usiowajua kwa sura, na inakupa mji mzima. Ya Aretha inakupa mtu mmoja kwa karibu, kisha inatawanyika. Ya Stax nunua ya CD kwa ajili ya kijitabu chake, maana bila maelezo utapotea hujui nani anaimba. Ya Aretha inasikilizika vizuri tu kwenye simu.

Na ukiwa na mtu wa kwaya nyumbani, kuna Aretha mwingine wa kumfikiria: *Amazing Grace: The Complete Recordings*, ibada nzima ya siku mbili, 13 na 14 Januari 1972, kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, pamoja na mchungaji James Cleveland na kwaya yake. Albamu ya 1972 ilikatwa na kupangwa upya. Toleo kamili la 1999 linakupa siku zote mbili kama zilivyokwenda. Picha za ibada hiyo zilikwama karibu miaka 46 kwa sababu wapiga picha hawakutumia kibao cha kulinganisha sauti na picha, na filamu ikaja kuonyeshwa 2018.

Marvin Gaye: albamu iliyopotea, au iliyounganishwa?

*You're the Man* ilitoka Machi 2019, siku chache kabla ya tarehe ambayo Marvin angetimiza miaka 80, na ilitangazwa kama albamu yake iliyopotea ya 1972. Hapa nataka msomaji awe mwangalifu.

Ukweli wenyewe ni huu. Baada ya albamu yake ya siasa, *What's Going On* ya 1971, alianza kazi ya kuendeleza siasa ile ile. Alitoa wimbo mmoja, "You're the Man", ukifika nafasi ya 7 kwenye chati ya muziki wa weusi lakini ukiishia ya 50 kwenye chati ya jumla. Mpango ukaachwa, akageukia mambo mengine, na 1973 akaja na *Let's Get It On*. Kanda za 1972 zikabaki, zikiwa zimefanywa na maprodyuza tofauti, Willie Hutch, Hal Davis, Freddie Perren na Fonce Mizell, na wengine. Nyingi zilikwisha kutoka kidogo kidogo kwenye mikusanyo ya CD. Toleo la 2019 lina nyimbo 17. 15 hazikuwahi kuwekwa kwenye santuri, na hapo ndipo upya wake ulipo kwa kiasi kikubwa. Tatu kati yake zilichanganywa upya na Salaam Remi, prodyuza wa zama hizi, na mimi nazisikia jinsi zinavyotofautiana na jirani zake. Ngoma zimekaa mbele kama za leo.

Kwa hiyo usiinunue ukitarajia ndugu wa *What's Going On*. Hakuna aliyemsikia Marvin akisema nyimbo zifuatane hivi. Lakini kuna "Piece of Clay", ambapo anaimba juu ya baba na mwana na namna watu wanavyotaka kufinyanga wenzao kama udongo, gitaa likilia pembeni. Ukikumbuka kwamba baba yake ndiye aliyempiga risasi tarehe 1 Aprili 1984, wimbo ule unakuwa mzito kuubeba. Na kuna "I Want to Come Home for Christmas", sauti ya mfungwa wa vita vya Vietnam anayetaka kurudi nyumbani. Nyimbo hizo mbili ningezichukua popote. Nyingine zisikilize kwanza mtandaoni, ukipenda ndipo ununue santuri.

Nyingine, kwa haraka

Kampuni ya Motown ina hazina ambayo haina mwisho kwa sababu walirekodi zaidi ya walichoweza kuuza. Mfululizo wa *A Cellarful of Motown!*, ulioanza Uingereza 2002, umechaguliwa na watu wenye masikio, na ni wa kucheza kuliko wa kukaa. Pia kila Desemba kwa miaka kadhaa Motown walimwaga mtandaoni mamia ya nyimbo kwa jina la *Motown Unreleased* na mwaka wa kurekodiwa. Sababu ni ya kisheria: Ulaya iliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, ila rekodi ambayo haijatolewa ndani ya miaka 50 inapoteza ulinzi huo. Kampuni ikakimbizana na kalenda. Ndimo utakuta lulu na makapi kwenye gunia moja.

Kwa anayetaka kusikia soul ikikutana na kwetu, *Zaire 74: The African Artists* ilitoka 2017. Tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, lile lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Ali na Foreman, lilikuwa na James Brown, Bill Withers na B.B. King. Kanda hizi ni za upande wa pili wa jukwaa, Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Abeti, Miriam Makeba, zilizokaa zaidi ya miaka 40 bila kutolewa. Msikilize mpiga gitaa wa Kongo ambaye jana yake amemsikia mpiga gitaa wa James Brown.

Kabla hujatoa hela

Mimi niliwahi kununua CD iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina rekodi adimu za magwiji wa soul. Kuiweka, nikakuta ni waimbaji wale wale kweli, lakini wamerudia nyimbo zao uzeeni, na kinanda cha umeme mahali pa tarumbeta. Nilikaa nayo mkononi nikiwa na hasira. Tangu siku ile naangalia vitu vitatu nyuma ya jalada: mwaka na mahali pa kurekodi, jina la aliyezichagua, na majina ya wapigaji. Aliyetumia miaka kutafuta kanda hatasahau kuandika zilirekodiwa wapi. Pakikosekana vyote vitatu, rudisha rafuni.

Santuri ni nzuri kwa Cooke na kwa Marvin. Kwa Otis na Stax, idadi yake inafanya CD au simu ziwe na akili zaidi, hasa ukihesabu usafirishaji na ushuru wa forodha. Ukisikiliza kwa simu, pakua kwanza kwa waifai ya ofisini au ya jirani. CD 7 kwa bando la siku zitalimaliza kabla hujafika ya tatu.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mjomba, kwa baba?"

Kwa baba nilimwambia Harlem Square kwenye santuri, na demo za Stax kwenye simu yake, nimpangie mimi mwenyewe nianze na Mack Rice. Otis hapana, ingawa ndiye kipenzi chake. Anazo nyimbo zile zote tayari, na kwenye chumba kile cha Kariakoo alizisikia kwa sauti ya chini kiasi kwamba hakuna ukumbi wa Los Angeles utakaozifanya zimkae vizuri zaidi.

Siku yenyewe nilikuwepo. Tulipofika pale Cooke anapoanza kuzungumza na ukumbi, shemeji alinyoosha mkono, nikadhani anataka glasi ya maji. Alikuwa anafuata kitufe cha redio. Akaongeza sauti mpaka mwisho, akamwambia binti yake afungue madirisha yote.